Buyenzi: Mali kauli peke yake haitoshi tena

MSAFIRI anayeingia Bujumbura akitokea Uvira, Kigoma au Kobero, asiyekuwa na ndugu wala mwenyeji jijini, mara nyingi huelekezwa mahali pamoja tu: Buyenzi. Huko atapata chakula alichokizoea, msikiti wa karibu, fundi wa gari lake na, kubwa kuliko yote, watu watakaomsemesha Kiswahili kabla ya kumuuliza ametoka wapi.

Nimeufuatilia mtaa huu kwa muda mrefu, na sasa nina jambo la kusema ambalo baadhi ya wenyeji hawatalifurahia. Buyenzi imejengwa juu ya neno la mtu. Kwa vizazi kadhaa neno hilo lilitosha kumpatia mgeni chumba, bidhaa na hata mchumba. Leo halitoshi, na wa kwanza kuumia ni makundi mawili: wanaorejea kutoka ukimbizini na wanaovuka mipaka kutafuta riziki.

Kabla ya kueleza kwa nini, ni vyema tukaufahamu mtaa wenyewe.

Mto, namba na mafundi

Kwanza tusichanganye majina. Iko Buyenzi ya kaskazini mwa nchi, eneo la kahawa la Ngozi na Kayanza. Ninayoizungumzia hapa ni Buyenzi ya jijini Bujumbura, jirani wa Bwiza, si mbali na eneo la viwanda na bandari ya Ziwa Tanganyika.

Upande wa kaskazini mpaka wake ni mto Ntahangwa, na ng'ambo ya mto ni Ngagara. Mto huu hushuka kutoka milima iliyo mashariki ya jiji na kumwaga maji yake ziwani. Kiangazi mtu anaweza kuudharau, maana hubaki mkondo mwembamba katikati ya mawe. Mvua zikianza milimani, huja na tope, mawe na miti, na kila mwaka humega kingo zake.

Barabara za Buyenzi zimenyooka na hutajwa kwa namba. Mtu hasemi anaishi karibu na duka la fulani. Atakwambia avenyu ya ngapi, na mgeni atafika bila kupotea. Nyumba nyingi ni za ua mmoja wenye vyumba kadhaa, ambamo mwenye nyumba na wapangaji wake hutumia bomba moja la maji na lango moja.

Kazi zake zinajulikana mji mzima. Gari likiharibika, linapelekwa Buyenzi. Mlango wa chuma, kitanda cha mbao, kanzu ya sikukuu, kipuri ambacho wenye maduka makubwa wamesema hakipatikani: vyote hutafutwa huko. Jioni harufu ya samaki wa kukaanga hutanda barabarani, wakiwamo mukeke, ambao ndugu zetu wa Kigoma huwaita migebuka.

Kisha lipo soko la Ruvumera, ambalo kwa mfanyabiashara wa mpakani ndilo moyo wa mtaa. Vitenge, nguo, viatu, vyombo vya nyumbani na vyakula hupita hapo, vingine vikiwa vimevuka mpaka mmoja na vingine miwili.

Waliokuja na waliobaki

Waswahili wa Burundi si kabila. Ni watu wa asili nyingi waliounganishwa na lugha, maisha ya mjini na, kwa wengi wao, dini ya Kiislamu. Misafara ya biashara kutoka Ujiji na pwani, Wamanyema kutoka ng'ambo ya ziwa, askari na wapagazi wa Wajerumani waliojenga kituo chao cha kijeshi Usumbura mwaka 1897, wote waliacha watu wao hapa.

Wabelgiji walipoichukua nchi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1916, waliwakuta watu hao mjini. Wakawatengea makazi yaliyo nje ya mamlaka ya machifu, na Buyenzi ikawa kijiji cha Waswahili. Tangu mwanzo, basi, huu ulikuwa mtaa wa watu ambao kila mmoja alikuwa na kwao kwingine.

Wapo waliowadharau kwa sababu hiyo. Kwa muda mrefu jina Mswahili lilitumiwa nchini Burundi kumaanisha mtu mjanja, mwongo, asiye na shamba wala ukoo. Hata hivyo, wakati wa kudai uhuru, mwanamfalme Louis Rwagasore aliwajua kwa jina tofauti. Wafanyabiashara Waswahili wa Buyenzi na Bwiza walikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono mapema, katika ushirika wa wafanyabiashara na katika chama cha UPRONA.

Chama hicho kilishinda uchaguzi wa Septemba 18, 1961, kikipata viti 58 kati ya 64. Rwagasore aliuawa Oktoba 13 mwaka huohuo, na uhuru ulipofika Julai 1, 1962 hakuwapo. Tangu hapo kila dhoruba iliyoipiga Burundi ilipita pia katika avenyu za Buyenzi.

Mwaka 1972 maelfu ya Warundi walikimbilia Tanzania, wakapelekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Mwaka 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa na vita vikaanza. Mitaa ya Bujumbura ikagawanyika mmoja baada ya mwingine kwa misingi ya Wahutu na Watutsi, lakini Buyenzi na Bwiza ziliendelea kwa muda kuwa na watu wa kila namna.

Hilo nalo lilivunjika. Machi 1995 mashambulizi yaliingia katika mitaa hiyo miwili. Watu waliuawa na maelfu wakakimbia, wengi wakivuka kwenda Uvira. Nalitaja kwa sababu wapo wanaopenda kusema Buyenzi haikuguswa. Iliguswa. Tofauti yake ni kwamba vita vilipopoa, watu walirudi kuishi pamoja na kufanya biashara pamoja mapema kuliko ilivyotarajiwa.

Siri ya mali kauli

Waliwezaje? Jibu langu ni kwamba walikuwa wanadaiana.

Waliokaa Kigoma wanaufahamu utaratibu wa mali kauli. Mwenye bidhaa anampa mwenziwe mzigo bila malipo ya mwanzo, kwa kauli tu, kwamba utakapouzwa fedha italetwa. Hakuna rehani wala mkataba. Dhamana ni jina la mtu na la yule aliyemleta.

Buyenzi huendeshwa hivyo. Mama anayeanza na mtaji wa kununua doti mbili hupewa doti kumi. Fundi huchukua kipuri asubuhi na kukilipia gari likishatoka. Mwenye mzigo Uvira hupeleka bidhaa Ruvumera kwa mtu anayemjua kwa sauti ya simu. Mwenye chumba humpokea aliyetoka kambini akijua kodi itakuja akishapata kibarua.

Ndiyo maana neno la mtu lina thamani kubwa hapa. Likianguka, mtu ameanguka pamoja nalo. Na ndiyo maana hata waliotengana kwa sababu ya vita walikuwa na sababu ya kutafutana tena.

Utaratibu huu uliwaokoa hata wakati nchi jirani zilipoiwekea Burundi vikwazo vya uchumi, kufuatia mapinduzi ya Julai 1996. Hadi viliposimamishwa Januari 1999, nani alikuwa na bidhaa na nani alimwamini nani lilikuwa suala la watu kula au kulala njaa.

Kwa hiyo siandiki kuidharau mali kauli. Naandika kwa sababu ina udhaifu mmoja: hufanya kazi pale tu mambo yanapokwenda kama kawaida. Amri ya ghafla, moto au mpaka kufungwa kikitokea, deni linabaki, bidhaa haipo, na hakuna karatasi inayoonyesha nani alipoteza nini.

Mapigo matano

Tuangalie yaliyotokea katika muda wa miaka michache.

Januari 27, 2013 soko kuu la Bujumbura liliteketea kwa moto. Wafanyabiashara wengi wakabaki na madeni bila bidhaa. Wengine wakahamia Ruvumera, soko likajaa na Buyenzi ikapata uhai mpya. Lakini aliyepoteza mzigo wa mali kauli katika moto ule hakuwa na stakabadhi ya kumwonyesha yeyote.

Machi 2022 baiskeli, pikipiki na bajaji zilipigwa marufuku katikati ya jiji. Serikali ilitaja usalama na msongamano. Kwa mchuuzi anayebeba marobota mawili, hatua hiyo ilimaanisha kubeba kichwani au kulipa gari. Na magari yenyewe, tangu mwaka 2021, yamekumbwa na uhaba wa mafuta wa mara kwa mara, pigo ambalo mafundi wa Buyenzi wamelihisi kuliko mtu yeyote.

Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani rasmi ya faranga kwa kiasi kikubwa dhidi ya dola. Mwezi uliofuata benki hiyo ikaziondoa katika mzunguko noti za zamani za faranga 5,000 na 10,000, na kuwapa watu siku kumi tu kuzipeleka benki. Hebu fikiria mtu aliyeko Uvira au Manyovu, ambaye akiba yake ni noti hizo ndani ya kopo, na ambaye hana akaunti wala kitambulisho cha kufungulia akaunti.

Januari 11, 2024 Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda kufuatia shambulio la Desemba 2023 karibu na Gatumba. Waliokuwa wakidai ng'ambo hawakujua watalipwa lini.

Kisha ikaja zamu ya Kongo. Februari 2025 waasi wa M23 waliingia Bukavu, na makumi ya maelfu ya watu wakavuka Rusizi kukimbilia Burundi. Desemba 2025 waliingia Uvira, mji ulio chini ya kilomita 30 kutoka Bujumbura. Njia ya Gatumba na Kavimvira, iliyozoea kupitisha mafungu ya vitenge na ndoo za mawese, ikawa njia ya wakimbizi.

Mapigo hayo yote yana sifa moja. Yalikuja bila kumpa mtu mdogo nafasi ya kujipanga, na yalimwacha salama zaidi yule mwenye akaunti, stakabadhi na kitambulisho. Mwenye kauli pekee alilia peke yake.

Ofisi iliyosogea mbali

Wakati mahitaji ya karatasi yanaongezeka, ofisi ya kuzitoa imesogea mbali.

Zamani Buyenzi ilikuwa tarafa, au komine, yenye baraza lake. Mwaka 2014 tarafa 13 za Bujumbura ziliunganishwa kuwa 3: Muha, Mukaza na Ntahangwa. Buyenzi ikawa zoni ndani ya Mukaza, pamoja na Rohero, Bwiza na Nyakabiga. Mageuzi yaliyoanza kazi mwaka 2025 yalipunguza mikoa ya nchi nzima kutoka 18 hadi 5 na tarafa kutoka 119 hadi 42. Mukaza ikabaki tarafa ndani ya mkoa mpya wa Bujumbura.

Sibishani na lengo la kupunguza gharama za utawala. Ninachosema ni kwamba Rohero ya maofisi na Buyenzi ya magereji zina mahitaji tofauti kabisa. Tarafa moja ikizihudumia zote mbili, sauti ya fundi wa kando ya mto inahitaji kupazwa mara mbili ndipo isikike.

Mfano mzuri ni mto wenyewe. Kingo za Ntahangwa zinaporomoka, na uchimbaji wa mchanga na mawe ndani ya mto huzidisha hali hiyo. Mchanga huo ndio unaojenga jiji, na wanaouchimba ni watu wa kipato cha chini kama wale ambao nyumba zao zinamegwa. Ukimzuia mmoja bila kumpa kazi nyingine, utamhamishia mwingine tatizo. Suala hilo linahitaji mamlaka iliyo karibu na mto, inayowajua wote wawili kwa majina.

Na nyumba ikiingia mtoni, swali la kwanza litakuwa lilelile: hati iko wapi?

Anayerejea ajue nini

Tangu mwaka 2002 zaidi ya nusu milioni ya wakimbizi walirejea Burundi katika wimbi la kwanza. Kambi ya Mtabila ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Kisha mgogoro wa kisiasa wa mwaka 2015 ukawakimbiza wengine zaidi ya 400,000, na tangu Septemba 2017 zaidi ya 200,000 wamerudishwa, wengi wakitokea Nyarugusu, Nduta na Mtendeli.

Mwenye shamba la kurudia hurudi kijijini. Aliyezaliwa kambini, anayejua Kiswahili kuliko Kirundi na asiyewahi kushika jembe lake mwenyewe, huja mjini. Buyenzi itampokea, na hilo sina shaka nalo. Lakini kupokelewa na kutambuliwa ni mambo mawili.

Kwanza ni suala la nyumba. Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, CNTB, iliyoundwa mwaka 2006 kusuluhisha migogoro ya waliorejea, ilimaliza muda wake Machi 2022. Mwenye dai la kiwanja cha baba yake asitarajie kwamba wazee wa avenyu, hata wakimkumbuka marehemu, watamaliza shauri kwa ushahidi wa mdomo. Watu wamenunua, wamerithi na wamejenga juu ya kumbukumbu hizo.

Pili ni uraia. Sheria ya uraia ya mwaka 2000 iliandikwa kwa msingi kwamba uraia wa mtoto unapita kwa baba. Mwanamke wa Kirundi aliyezaa na Mtanzania au Mkongo huko ukimbizini anapaswa kulishughulikia suala hilo mapema, kabla mtoto hajafikia umri wa mitihani na kitambulisho. Asidhani hilo ni jambo dogo. Nchini Burundi wapo watu takriban 1,000 wenye asili ya Oman, wengine wakiwa wamezaliwa hapahapa na wazazi waliozaliwa hapahapa, ambao Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, limekuwa likiwataja kama watu walio katika hatari ya kukosa uraia wowote.

Tatu, kwa mfanyabiashara, ni mpaka. Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 1, 2007. Jumuiya ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo: bidhaa zilizozalishwa ndani ya nchi wanachama, zisizozidi thamani ya dola 2,000, huweza kupita kwa cheti rahisi cha uasili bila ushuru wa forodha. Bado wapo wanaovuka kwa njia za panya wakimlipa huyu na yule, wakati karatasi moja ingewalinda.

Kongo nayo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022. Hata hivyo vita na ukaguzi wa kila aina vimeonyesha kwamba kutia saini ni kitu kimoja na kufungua njia ni kingine. Anayefanya biashara ya Uvira aendelee kuulizia utaratibu wa siku hiyo kabla ya kufunga mzigo.

Hofu ya kuandikwa

Najua kuna watakaoniuliza: kwa nini watu hawajaandikisha mali zao miaka yote hii? Je, ni uvivu?

Hapana. Kwa kizazi kilichoona mwaka 1972, orodha yenye majina ya watu haikuwa jambo la heri. Waliokamatwa wakati ule wengi waliitwa kwa majina kutoka kwenye orodha, na hawakurudi. Mzee aliyewafundisha wanawe kutoandika kitu alikuwa na sababu zake, na kijana asimcheke.

Isitoshe karatasi ina gharama. Kuna ada, kuna foleni, kuna siku nzima ya kazi inayopotea. Mwenye kibanda akijiandikisha leo, kesho anaogopa mtoza ushuru. Hofu hizo ni za kweli na serikali isijifanye haizioni.

Kwa sababu hiyo mzigo wa kwanza uko kwa wenye mamlaka. Amri inayogusa fedha au usafiri wa watu wadogo itangazwe mapema, na kwa Kiswahili pia, kupitia redio na misikiti na makanisa, maana mtu hawezi kutii tangazo asilolielewa. Maofisa wa Mukaza waje zoni ya Buyenzi kwa siku zinazojulikana kupokea maombi ya vitambulisho na hati. Na anayejiandikisha kwa mara ya kwanza apewe muda wa kupumua kabla ya kudaiwa.

Mzigo wa pili ni wetu. Mali kauli haihitaji kufa. Inahitaji daftari la shilingi chache, tarehe, kiasi, saini mbili na shahidi mmoja. Aliyempa mwenziwe mzigo na akamwandikia hajamtukana. Amemlinda yeye pamoja na watoto wake, kwa kuwa mdaiwa naye hufa, na mpaka nao hufungwa usiku mmoja.

Waliotutangulia walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Waliosema hivyo walikuwa Waswahili, watu wa biashara, na walijua uzito wa neno la mtu kuliko sisi. Mwenye mzigo Ruvumera wiki hii anaweza kuanza na ukurasa wa kwanza leo jioni, kabla hajafunga kibanda.